Kuandika moja kwa moja kwenye diski huku RAM ikijaa

Ndugu, umeeleza kwamba seva yenu ya mizani ya samaki pale Kirumba, Mwanza, inayotumia ext4 (mfumo wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski), huandika kwa O_DIRECT, yaani ombi la kuandika moja kwa moja diskini bila kupitia RAM, lakini RAM inajaa na umeme ukikatika risiti za mwisho hupotea.

Anza kwa kuangalia matokeo ya findmnt, amri inayoonyesha diski zilivyopachikwa, yaani zilivyounganishwa na mfumo. Ukiona data=journal (data yote huandikwa kwanza kwenye jarida, daftari la mabadiliko la ext4), basi hapo ndipo penye jibu, kwa kuwa katika hali hiyo ext4 hulipokea ombi la kuandika moja kwa moja bila kulalamika, kisha hulipitisha kimyakimya kwenye bafa za RAM (sehemu za kuhifadhi data kwa muda), na jarida lake, mpangilio usipobadilishwa, huandikwa diskini kila baada ya sekunde 5. Mimi ningependa ikatae waziwazi, kama XFS, mfumo mwingine wa mafaili, inavyorudisha EINVAL (kosa la ombi batili) maandishi yasipolingana na sekta za diski.

Kurudi data=ordered, hali ya kawaida ya ext4, kutaondoa bafa hizo, ila hakubadilishwi wakati diski imepachikwa: nakili data kwanza, itenganishe diski na mfumo kwa amri ya umount, ndipo uipachike upya; na ikiwa ndiyo yenye mfumo mzima, mwite fundi wa Linux.

Hata hivyo, O_DIRECT peke yake haiahidi kwamba data imetua salama, maana diski nayo ina kashe yake (kumbukumbu ya muda). Programu iite fsync, amri inayosubiri data ifike diskini kabisa, baada ya kila risiti, na ichapishe karatasi ya mvuvi pale tu fsync inaporudi bila kosa. Mwendo utapungua kidogo, lakini kwa foleni ya mizani hilo halisumbui.