Bakteria hawali shaba: yaliyonikuta kihambani

Kona ya chini ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, huku Kibosho, Kilimanjaro, ndipo baba alipokuwa akichanganyia mrututu wa kupulizia kahawa dhidi ya chule buni na kutu ya majani. Miaka nenda rudi, pipa lilioshewa palepale. Kahawa ilipozeeka niling'oa, nikapanda maharage. Yakatoka ya njano, yamedumaa, mizizi mifupi, vinundu vya mizizini vya kuhesabu. Nikamwaga mbolea ya dukani. Hela ikaenda bure.

Maabara ndiyo iliyosema: shaba. Mrututu ni chumvi ya shaba, na shaba haiozi. Aliyoimwaga mzee nikiwa darasa la pili bado ipo.

Bwana shamba mmoja akanielezea bakteria wanaoishi ndani ya mimea, mizizini na hata kwenye shina, bila kuiumiza. Wengi ni wa jamii za Pseudomonas na Bacillus. Nikafurahi, nikidhani wataila ile shaba. Hawaili! Kazi yao ni kuubeba mmea: huupa homoni ya kurefusha mizizi, hupunguza ethilini, gesi ya mmea wenyewe inayoudumaza ukiwa taabani, na wengine huilegeza shaba iliyonata kwenye udongo. Mmea ukistahimili, huvuta shaba nyingi zaidi. Inayobaki ni kazi yako: kuutoa mmea shambani.

Hapo ndipo sisi Wachagga tunapokwama, kwa sababu kihambani hakitoki kitu. Majani ni ya ng'ombe, samadi ni ya migomba. Alizeti zangu za kwanza, nilizopanda zivute shaba, mama watoto alishazikata akazitia zizini kabla sijafungua mdomo. Shaba ikarudi na samadi. (Tuna bahati hatufugi kondoo, maana shaba huwaua kwa urahisi.)

Kwa hiyo pima udongo kwanza. Palipo na shaba kidogo, weka chokaa na mboji, viishike isiingie kwenye mazao. Palipozidi, kama pale penye pipa, panda alizeti na uzing'oe na mizizi, kwani shaba nyingi hukaa huko. Ni kazi ya miaka. Anayekuuzia chupa ya bakteria kwa ahadi ya msimu mmoja, mwambie kwaheri. Kahawa mpya nimechukua miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, ile inayohimili magonjwa yote mawili, nisirudie mrututu.

Mabua ya alizeti? Kuyachoma hakusaidii, shaba hubaki kwenye majivu. Ya msimu huu yako kwenye magunia nyuma ya banda, na mama watoto ananiuliza kila siku yataondoka lini.