Jibu: Kompyuta inasema kitabu kipo, rafuni hakionekani

Ndugu, kompyuta ya maktaba ikionyesha kitabu kipo na rafuni hukioni, usikimbilie kuandika kwamba kimepotea. Mara nyingi kimekaa pasipo pake tu. Anzia kwenye namba yake, kagua rafu ya juu na ya chini, kisha pitisha mkono nyuma ya safu, maana vitabu vyembamba husukumwa vikaangukia huko. Baada ya hapo toroli la vilivyorudishwa, meza za wasomaji na kabati la vinavyosubiri kushonwa.

Mchawi mkubwa ni desimali. Fasihi ya Kiswahili katika Dewey, ule mfumo wa namba za kupanga vitabu kwa mada, ni 896.392, na mpangaji mgeni huiweka baada ya 896.4 kwa kuwa anaisoma “mia tatu tisini na mbili”. Mfundishe kulinganisha tarakimu moja moja baada ya nukta: 3 hutangulia 4, basi. Wengine hugeuza 896 ikawa 869, kitabu kikaishia kwenye fasihi ya Kireno ambako hakuna anayekitafuta.

Je, umeme ulikatika siku za karibuni? Pitia daftari la kuazimisha kwa mkono. Huenda kilitoka na hakuna aliyeingiza kwenye kompyuta umeme uliporudi.

Kisipopatikana, kiwekee alama ya “kinatafutwa” ili wasomaji wasisumbuke, utafute tena baada ya wiki mbili.