Maswali ya Wasomaji: Je, serotonini huongeza kumbukumbu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezoea kusikia serotonini ikiitwa kemikali ya furaha, lakini hivi karibuni nimesoma kwamba inahusika pia na kumbukumbu. Je, ni kweli? Na mtu akiiongeza mwilini, atakumbuka mambo vizuri zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli inahusika, ila sehemu ya pili ya swali lako haijibiki kwa ndiyo wala hapana, kwa kuwa athari ya serotonini hutegemea kipokezi inachokutana nacho juu ya seli ya neva. Vipokezi vyake vilivyokwisha kutambuliwa havipungui aina 14, vimegawanywa katika makundi 7, na baadhi huichochea seli ilhali vingine huituliza. Katika hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo ikiharibika mtu hushindwa kuhifadhi matukio mapya, aina hizo hukaa pamoja: katika majaribio ya panya, dawa zinazoamsha kipokezi kiitwacho 5-HT4 (5-HT ni kifupi cha jina la kikemia la serotonini) zimesaidia kujifunza, na zile zinazoamsha 5-HT1A mara nyingi zimekuzuia.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, haukutoka kwa binadamu bali kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia, aliyechunguzwa kwa miaka mingi na Eric Kandel, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2000. Konokono huyo akipigwa shoti ya umeme mkiani, serotonini humwagwa kwenye seli zake za hisia, nayo ikishika vipokezi, ndani ya seli huanza mfululizo wa kemikali unaoimarisha mawasiliano na seli inayofuata. Watafiti walipoidondosha serotonini mara moja juu ya seli hizo, uimara huo ulidumu kwa dakika chache tu. Walipoirudia mara 5, ulidumu zaidi ya siku nzima, kwa sababu safari hii jeni ziliamshwa, protini mpya zikatengenezwa, na miunganisho mipya ikachipuka.

Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Watu waliopunguziwa triptofani, malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, wameonekana kukumbuka kwa shida orodha za maneno waliyojifunza muda mfupi uliopita. Hata hivyo, kwamba upungufu unadhuru hakuthibitishi kwamba ziada inafaidi. Dawa ya idalopirdine, inayoziba kipokezi cha 5-HT6, ilikuwa imeleta matumaini makubwa, lakini matokeo ya majaribio yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 2,500 wa Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu), yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba haikuwasaidia.

Kuhusu kuiongeza “mwilini”, takriban asilimia 90 ya serotonini iko kwenye utumbo, na hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Dawa za sonona zinazoiongeza ndani ya ubongo zina kazi yake, na mgonjwa ambaye usahaulifu wake unatokana na sonona anaweza kupata nafuu anapotibiwa. Lakini asiye na ugonjwa huo asizimeze kwa ajili ya kumbukumbu, wala mtu asizichanganye na dawa nyingine bila daktari, kwani serotonini ikizidi huleta kutetemeka, homa na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua.