Mkuu, hela ya kikoba iache ilipo: hiyo fainali ya The Simpsons ilishanila mimi

Mkuu, kabla hujabonyeza chochote funga hiyo programu ya kubeti. Ifunge kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba umetumiwa klipu inayosema The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani, walishatabiri fainali ya Kombe la Dunia 2026, Ureno na Meksiko. Unataka kujua ni kipindi kipi hasa, kinapatikana wapi, kama watoto wako wa shule ya msingi wanaweza kukitazama, halafu mwishoni kabisa, kama vile ni jambo dogo, unauliza odi, yaani kiwango cha malipo ya kubeti, ya timu hizo mbili kufika fainali ukiweka gawio lako la kikoba. Gawio la kikoba! Mwaka mzima unanunua hisa, unakatwa faini ukichelewa kikao, leo unampelekea katuni?

Kipindi nakifahamu kuliko ninavyowafahamu mashemeji zangu. Kinaitwa "The Cartridge Family", msimu wa 9, kipindi cha 5, kilirushwa Marekani tarehe 2 Novemba 1997. Soma tena huo mwaka. Cristiano Ronaldo alikuwa mtoto wa miaka 12. Na hiyo klipu yako ndiyo ile ile iliyozunguka 2018, ikarudi 2022, wanachobadilisha ni mwaka tu hapo chini. 2018 Ureno walitolewa na Uruguay 2-1 kwenye 16 bora, Meksiko wakatolewa na Brazil 2-0 hatua hiyo hiyo, fainali wakacheza Ufaransa na Kroatia. Ungedhani utabiri uliokufa kifo cha namna hiyo ungezikwa. Wapi! 2022 ukafufuka, na ndipo uliponikuta mimi nikiwa na kodi ya fremu mkononi.

Wenye fremu mnawajua. Anataka miezi sita mbele, na miezi sita ilikuwa imeshatimia kwenye simu yangu, nasubiri tu mzee arudi kutoka kijijini nimkabidhi. Hela ikikaa kwenye simu inaongea, hilo nadhani tunakubaliana.

Kulikuwa na mwamba mmoja ana kundi la mikeka ya kubeti, simtaji, anajiita profesa na nina uhakika hata kidato cha nne alikiona kwa mbali. Kuingia kundi la kawaida bure, kuingia la watu wazito unalipia. Nikalipia. Huko ndani akatuwekea klipu, akaweka na jina la kipindi, msimu, tarehe, kila kitu. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu niliangalia mtandaoni nikakuta kweli kipindi kipo na kweli kuna mechi ya Meksiko na Ureno. Nikajisemea huyu siyo tapeli, tapeli haweki tarehe. Kumbe tapeli mwenye akili anaweka tarehe ya kweli kabisa, maana anajua wewe utaangalia jina halafu uridhike. Kukitazama chenyewe hutakitazama. Dakika 22 tu, lakini mbongo gani anamaliza bando lake kuhakiki katuni?

Nikaweka sehemu ya kwanza: timu zote mbili kufika fainali. Haikuwa hela ya kuua. Meksiko wakaanza na Polandi, 0-0, kipa wao Ochoa akapangua penalti ya Lewandowski, profesa akaandika kwa herufi kubwa UTABIRI UNATEMBEA. Mechi ya pili Messi na Argentina yake wakawatandika, 2-0. Utabiri ukaanza kuchechemea. Ya tatu ilikuwa tarehe 30 Novemba, saa nne usiku, na Qatar saa zao ni zetu hizi hizi, kwa hiyo niliteseka bila hata kisingizio cha usingizi.

Sikiliza hii. Meksiko wanaongoza 2-0 dhidi ya Saudia, Polandi wanafungwa 2-0 na Argentina. Pointi sawa, tofauti ya mabao sawa, mabao ya kufunga sawa, na wenyewe kwa wenyewe walitoka sare. Kilichokuwa kinawatoa Meksiko dakika zile ni kadi za njano walizozidi. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimepiga magoti mbele ya televisheni naomba Mpolandi yeyote yule amkanyage mtu alambwe kadi. Dakika za nyongeza Saudia wakapata bao, 2-1, mjadala wa kadi ukafungwa. Meksiko nyumbani hatua ya makundi, kitu ambacho hakikuwapata tangu 1978. Walisubiri mimi nibeti.

Sasa kama ningeishia hapo nisingekuwa naandika haya. Hilo lilikuwa jeraha la wembe. Panga linakuja.

Asubuhi yake profesa akatuma sauti. Hakuomba radhi hata kidogo. Akasema, kwa upole wa sheikh anayefundisha madrasa, kwamba tulielewa vibaya sisi wenyewe: kipindi hakikusema "fainali", kilisema mechi hiyo itaamua taifa bora kuliko yote duniani, Meksiko au Ureno. Meksiko ameondoka, amebaki nani? Hesabu ya darasa la pili. Bingwa ni Ureno, na odi bado nono kwa sababu wajinga hawajastuka.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba sentensi hiyo kwenye katuni ipo. Ndivyo tangazo la ile mechi linavyosema kweli. Ila lile ni tangazo la kejeli! Waandishi walikuwa wanawacheka watu wanaokuza mechi kupita kiasi. Profesa aliuchukua utani akausoma kama aya.

Nikasitasita. Tarehe 6 Desemba Ureno wakamla Uswisi 6-1. Ronaldo amekaa benchi, aliyeanzishwa badala yake, Gonçalo Ramos, katupia matatu. Nani hapo asiyeamini? Usiku ule nililala kama nabii aliyethibitishwa. Kesho yake nikachukua kodi yote iliyobaki, yote, nikaweka Ureno bingwa. Sikuweka mechi kwa mechi ambapo ningeweza kutoka mapema, hapana, niliweka ubingwa. Na jirani yangu wa fremu ya pembeni, fundi wa simu, aliniambia ndugu yangu robo fainali wanakutana na Moroko na hawa Waarabu hawafungiki. Nikamwambia yeye aendelee kubadilisha vioo.

Tarehe 10 Desemba, saa kumi na mbili jioni. Nilikwenda banda umiza kwa sababu nyumbani nilishaanza kuangaliwa kwa jicho fulani. Kosa lingine hilo. Banda zima Moroko. Afrika nzima ilikuwa Moroko siku ile, na mimi peke yangu, Mwafrika halisi, moyoni Mreno. Dakika ya 42 En-Nesyri wa Moroko akapaa, nakuapia alikaa hewani hadi nikapata muda wa kukumbuka sura ya mwenye fremu, akaupiga mpira kichwa juu ya mikono ya kipa. Banda likapasuka. Jamaa nisiyemjua akanikumbatia. Muuza kahawa akagawa vikombe bure. Nikapokea changu, nikapiga makofi, nikasema "Afrika oyee", maana ningefanyaje? Ronaldo akaingizwa mwanzoni mwa kipindi cha pili, hakuna kitu. Moroko wakabaki kumi dakika za mwisho, hakuna kitu. Pepe wa Ureno akapata kichwa cha mwisho peke yake mbele ya goli, akautoa nje. Ronaldo akaondoka analia kuelekea chumbani. Profesa alituahidi machozi ya Ronaldo, hiyo sehemu nampa, alipatia. Hakufafanua tu kwamba na mimi nitakuwemo.

Kundi lilifutwa kabla banda halijaisha watu. Namba haipatikani. Wiki iliyofuata nikakuta mlango wa fremu una makufuli mawili, langu na moja la shaba nisilolijua, jipya kabisa, bado lina karatasi ya bei.

Ndipo, hela ikiwa imeshakwenda, nikakitafuta kipindi nikakaa nikakitazama chote. Mkuu, nilicheka kwa uchungu hadi mama watoto akaja kuangalia. Huwezi kuamini. Mechi yenyewe haichukui hata robo ya kipindi. Hakuna Kombe la Dunia. Inachezwa uwanja wa Springfield, mji wao wa kubuni, na imeletwa kama onyesho la burudani linavyoletwa mjini. Pelé wa katuni anaingia, anatangaza karatasi za jikoni, analipwa, anaondoka. Mpira unaanza: wanapasiana katikati ya uwanja. Anampa huyu, huyu anamrudishia, anaushika, anaushika, anaushika. Mtangazaji Mmarekani anasinzia, mwenzake wa Kihispania anaitangaza hiyo hiyo kwa jazba kama fainali. Watu wanachoka, wanaanza kuondoka, ugomvi unazuka, mji unachafuka. Basi. Utani mzima ni kwamba Wamarekani wanaona mpira wetu unachosha. Baada ya hapo Homer, baba wa familia ya kwenye katuni, anataka kulinda nyumba, kengele ya usalama anaiona ghali, ananunua bastola, na kipindi kilichobaki chote ni cha bastola: anaificha hadi kwenye droo ya mboga ya friji, mkewe anahama na watoto kwenda kulala hoteli ya barabarani. Hiyo ndiyo iliyobeba kodi yangu. Kipindi cha bastola!

Na zile "ushahidi" wanazokuwekea kabla ya kukuchomoa hela, zote nimezipitia moja moja baadaye, kwa hasira. Watakuambia walitabiri Ujerumani kumfunga Brazil 2014. Kipindi kipo, "You Don't Have to Live Like a Referee", cha tarehe 30 Machi 2014, Homer anakwenda Brazil kuwa mwamuzi. Humo Ujerumani anamfunga Brazil 2-0 kwenye FAINALI. Kilichotokea ni nusu fainali, 7-1, na fainali Ujerumani akamfunga Argentina 1-0. Weka mkeka kwa kile kilichoandikwa kwenye katuni uone kama utalipwa. Mwenye kampuni ya kubeti hajui neno "karibu".

Watakuambia walitabiri urais wa Trump. Kweli, "Bart to the Future", 19 Machi 2000, Lisa, binti wa Homer, ni rais na analalamika kwamba Rais Trump amemwachia hazina tupu. Lakini Trump alikuwa ameshaanza kujitangaza tangu 1999 kwamba anafikiria kugombea, ilikuwa habari ya magazetini, wakaifanyia utani. Ile picha maarufu anayoshuka ngazi za umeme ambayo watu wanasema ni ya 2000? Imetoka kwenye kikatuni kifupi cha 2015, kilichochorwa baada ya yeye kushuka ngazi zenyewe mwezi wa sita mwaka huo. Na ile ya mtangazaji na maneno "Corona virus" nyuma yake imechezewa, maneno yamebandikwa. Hao jamaa wapo hewani tangu Desemba 1989, vipindi vimepita 750, kila kimoja kimejaa utani wa siasa, mpira na biashara. Nipe mimi miaka yote hiyo ya kuropoka kila wiki na mimi nitapatia vichache, halafu vile vilivyokosa hamtavikumbuka.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja na siyumbi: KITAZAME KIPINDI CHENYEWE, MWANZO HADI MWISHO, KABLA YA SHILINGI KUTOKA. Siyo klipu, siyo picha yenye maandishi ya njano, siyo jina la kipindi, siyo ukurasa unaosema kipindi kipo. Jina nilikuwa nalo, tarehe nilikuwa nayo, na nikaliwa vile vile. Anayekuambia hakuna muda wa kutazama kwa sababu odi inashuka, huyo ndiye. Mwulize mechi inaishaje. Muulize tu hivyo, uone atakavyoanza kukuita mchawi.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema safari hii ni tofauti kwa sababu Meksiko ni mmoja wa wenyeji pamoja na Marekani na Kanada, timu zimekuwa 48, kwa hiyo "dalili zinaungana". Namuona anavyokuja. Ndugu, wenyeji wapo, timu zipo 48, sikatai, ila mchoraji wa 1997 hilo lilimhusu nini? Kama unampenda Ureno mshangilie. Vaa jezi, pakaa rangi. Kushangilia ni bure, nimethibitisha mwenyewe kwenye lile banda, hata kahawa unapewa.

Kakitazame leo jioni, bando langu nakurushia mimi nikipata namba yako. Ukimaliza rudi kwenye huu uzi utuandikie nani alifunga bao la kwanza, Ureno au Meksiko, na dakika ya ngapi. Ukinitajia jina la mfungaji, gawio lako nalirudisha mara mbili.