Nepal: kipi kikae kulia kwako, na nani umwite tapai

Anayezunguka Kaaba huiweka kushoto kwake. Nepal ni kinyume: stupa, yaani jengo takatifu la Wabudha lenye umbo la kuba, kama ile ya Boudhanath jijini Kathmandu, huzungukwa ikiwa kulia kwako. Magurudumu ya sala, yaani mapipa ya kuzungushwa yenye maandishi ya sala, nayo sukuma kwa mkono wa kulia, yafuate mwendo wa mishale ya saa. Wageni hukosea zaidi milimani, kwenye kuta za mawe yaliyochongwa sala. Njia ikigawanyika kuupisha ukuta, shika ya kushoto, ili ukuta ndio ubaki kulia.

Usimbane mtu akuambie yeye ni Mhindu au Mbudha. Sensa ya 2021 ilihesabu Wahindu takriban asilimia 81 na Wabudha 8, lakini Kumari wa Kathmandu, binti mdogo anayeabudiwa na Wahindu kama mungu wa kike Taleju, hutoka katika ukoo wa Kibudha wa Wanewar, watu wa asili wa bonde la Kathmandu. Mpaka mkali upo Pashupatinath, eneo la mahekalu ya Wahindu jijini Kathmandu: asiye Mhindu haingii hekalu kuu. Atazame kutoka ng'ambo ya mashariki ya mto Bagmati, na kamera aiweke mbali na wafiwa wanaochoma maiti wao.

Mezani ndipo penye mtego. Chakula au chombo kilichoguswa na mdomo wako ni *jutho*, kimenajisika kwa wengine. Basi usimwonjeshe mtu ulichokwisha kung'ata, wala usitie kijiko chako kwenye bakuli la wote. Maji ya jagi la pamoja yamimine mdomoni bila midomo kugusa. Jikoni usiingie hadi ukaribishwe. Katika nyumba nyingi za Wahindu usafi wa jiko ni jambo la ibada.

Kinepali kina "wewe" kadhaa, na kitenzi hubadilika nazo. *Tapai* ni ya heshima, *timi* ya rafiki au mdogo wako, *ta* humdunisha mtu mzima usiyemzoea. Ukiwa na shaka, tumia *tapai*. Mwanamume aliyekuzidi umri mwite *dai*, mwanamke *didi*. Wadogo ni *bhai* na *bahini*. Salamu ni *namaste*, viganja vikiunganishwa kifuani. Ukiulizwa *khana khanubhayo?*, umeshakula?, usidhani ni mwaliko. Ni kujuliana hali tu. Jibu *khaen*, nimekula, kisha umuulize na yeye.