Nataka kuchangia programu za ubongo, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo anti, nasoma kompyuta mwaka wa pili, Python naijua kiasi, natamani kuchangia zile programu huria za kuigiza seli za ubongo ila naogopa. Msomaji, Ubungo.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kati ya programu hizo anza na Brian maana imeandikwa kwa Python, mwenzake NEST ina lugha ya C++ nyingi ndani utachoka mapema. Pakua usiku ukiwa na bando, igiza neuroni moja tu, yaani seli moja ya neva, kwa milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya 1952 inayoeleza umeme wa seli hizo, uone volteji inavyopanda toka kama milivolti -65 mpaka inavuka sifuri halafu inashuka, jamani inapendeza! Ukikwama kwenye maelekezo, basi hapohapo ndo mchango wako wa kwanza, rekebisha sentensi hiyo uitume. Wakikurudishia na masahihisho usinune, rekebisha tena.