Namba ya mafuriko iliyoturudisha nyuma miezi minne

Nimekaa miaka kadhaa kwenye timu iliyoandaa maombi ya leseni ya kinu cha nyuklia cha utafiti, kile kidogo cha kufundishia na kutengenezea dawa za mionzi kwa ajili ya hospitali. Kijana akiingia kwenye kazi hii, swali lake la kwanza huwa ni leseni itachukua muda gani. Mimi humuuliza kwanza: namba ya mafuriko umeitoa wapi?

Sisi tuliitoa sehemu mbili. Sura ya eneo la mradi iliandikwa na wataalamu wa maji, na walitaja kimo cha juu kabisa ambacho mafuriko yangeweza kufika. Sura ya umeme iliandikwa na kundi jingine, ambalo lilishika kimo cha chini zaidi kutoka rasimu ya zamani, na kwa kimo hicho likapanga jenereta za dharura ziwe chumba cha chini. Ukisoma kila sura peke yake, huoni kasoro. Mkaguzi wa mamlaka ya udhibiti alizisoma pamoja, akatuandikia swali la mstari mmoja: kimo kipi ndicho cha kweli? Tulipiga hesabu upya, tukahamisha jenereta kwenye michoro, tukaandika upya sura tatu. Miezi minne ikaenda.

Wenzangu wengine walinung'unika. Mimi nilimshukuru yule mkaguzi, na namshukuru hadi leo. Kituo cha Fukushima Daiichi nchini Japani kilijiandaa kwa mawimbi ya tsunami ya takriban mita 6. Machi 2011 yalikuja ya takriban mita 14. Maji yaliingia vyumba vya chini vilivyokuwa na jenereta na vifaa vya umeme, upoozaji ukakatika, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka.

Kwa hiyo, kabla hamjaandika sura yoyote, mteueni mtu mmoja awe mwenye daftari la namba. Kimo cha maji, nguvu ya tetemeko, joto la juu la hewa, idadi ya watu wanaoishi jirani: kila moja iwe na chanzo, tarehe, na orodha ya sura zinazoitumia. Namba ikibadilika, yeye ndiye anayewagongea milango wote wanaoitegemea. Ni kazi isiyo na sifa, lakini mpeni mtu makini kuliko wote mlio nao.

Kuhusu hatua zenyewe, kila nchi ina njia yake, ingawa safari inafanana: eneo, ujenzi, kuweka fueli na kufanya majaribio, uendeshaji, na mwishowe kufunga na kubomoa. Marekani ilizoea kutoa kibali cha ujenzi kwanza na leseni ya uendeshaji baadaye. Mwaka 1989 ikaongeza njia ya leseni moja inayounganisha vyote viwili. Kwa njia hiyo vinu viwili vipya vya Vogtle, kituo cha umeme jimboni Georgia, vilipata leseni mwaka 2012, vikaanza kuzalisha umeme kibiashara mwaka 2023 na 2024. Uingereza inaweza kuuchunguza muundo wa kinu kabla hata kiwanja hakijachaguliwa. Msipoteze muda kubishana njia ipi ni fupi. Maswali hayapungui, yanahama tu kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Sura ambayo timu nyingi huiacha mwisho ni mpango wa dharura, nasi tulifanya hivyo hivyo. Inaonekana nyepesi kwa sababu haina hesabu ngumu. Kumbe ndiyo inayowategemea watu msiowaajiri: madereva, walimu, wauguzi, viongozi wa eneo. Kinu cha Shoreham, kwenye kisiwa cha Long Island jimboni New York, kilikamilika kujengwa. Lakini mwaka 1983 viongozi wa kaunti walitamka kwamba wakazi wasingeweza kuondolewa kwa usalama ajali ikitokea, na serikali ya jimbo ikakataa kuupitisha mpango wa kuwaondoa. Kiliwashwa kwa majaribio ya nguvu ndogo tu, na mwaka 1989 yakafikiwa makubaliano ya kukifunga. Nendeni kwa majirani mapema, mkiwa bado na uwezo wa kubadilisha michoro. Tulipokwenda sisi, mwalimu mmoja alituonyesha kwamba barabara tuliyoichora kuwa ya kutokea haipitiki mvua zikinyesha. Hakuna mhandisi wetu aliyekuwa amelijua hilo.

Jambo jingine: msimsogelee mdhibiti kwa mlango wa nyuma. Kazi ilipochelewa, mkubwa wetu mmoja alitaka kupiga simu ngazi za juu ili tusukumwe mbele. Tulimsihi asifanye hivyo. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994 unataka mdhibiti atenganishwe na wale wanaoiendeleza nishati hiyo. Japani ilijifunza kwa uchungu: kabla ya 2011 mdhibiti wake alikuwa chini ya wizara ile ile iliyohimiza vinu vijengwe, na mwaka 2012 ikaunda mamlaka mpya yenye kujitegemea. Ukihitaji ufafanuzi, omba kikao kwa barua na uandike muhtasari. Na pale ambapo hujui jibu, andika kwamba hujui na ueleze utalitafutaje. Sijawahi kuona ombi likikwama kwa ukweli huo. Nimeona mengi yakikwama kwa aya ndefu zilizoandikwa kuuficha.

Leseni yetu ilipotoka, ilikuja na masharti mengi kuliko nilivyotarajia. Fueli haikuruhusiwa kuingia hadi mkaguzi ashuhudie majaribio ya pampu. Waendeshaji walitakiwa kufanya mtihani, kila mmoja kwa jina lake. Na kila baada ya miaka 10 usalama wote upitiwe upya, kimo cha mafuriko kikiwemo. Tarehe ya mapitio hayo ya kwanza niliiandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa mbele wa daftari la namba, kwa sababu atakayelifungua siku hiyo huenda asiwe mimi.